Ushuhuda Usimfunike Kristo

Mhadhara kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vijana, Tabora mjini

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba shuhuda zetu zinamfunika Kristo, kule Urambo, Nzega na Sikonge. Nalisema tena kwa sababu bado lipo.

Twende moja kwa moja kwenye ibada zetu za Jumatano. Mtu anapewa kipaza sauti atoe ushuhuda. "Bwana Yesu asifiwe!" Amina. Kisha inafuata ndoto ya saa tisa usiku, mwili ukapata moto, machozi yakatoka yenyewe, asubuhi simu ikaita, kazi ikapatikana. Vigelegele kanisa zima. Nasikiliza hadi mwisho, na mara nyingi jina la Yesu halitajwi tena baada ya ile salamu. Msalaba haupo, kaburi lililo wazi halipo. Ni kama mtu aliyeopolewa kisimani: anasimulia baridi ya maji na jinsi kamba ilivyomchuna viganja, lakini ukimwuliza ni nani aliyeivuta ile kamba, hana la kusema.

Sisemi ndoto ile ni ya uongo. Mungu huwagusa watu, na kazi iliyopatikana ni ya kushukuru. Ninachouliza ni hiki: imani ya kanisa imesimama juu ya nini? Maana nimewaona wanaoumizwa na vigelegele hivyo. Mama mmoja muuza karanga aliacha kuja Jumatano. Nikamfuata sokoni, nikamwuliza mbona amepotea. Akaendelea na kazi yake: akajaza kopo, akaligonga mezani karanga zikashuka, akaongeza nyingine juu. Ndipo akasema, "Mchungaji, mimi sijawahi kuona kitu. Wenzangu wanaona. Mimi nasali, nikilala nalala. Labda sijaokoka."

Mama huyu amezika mume na hajaacha kuomba! Nikamwuliza, "Yesu alikufa?" Akasema alikufa. "Akafufuka?" "Alifufuka, kwani Pasaka huwa tunaimba nini?" "Kwa ajili ya nani?" Akanyamaza kidogo, kopo mkononi. "Na mimi nimo."

Wapendwa, hiyo ndiyo imani. Haina ndoto hata moja ndani yake, na haijapungukiwa na kitu.

Fungueni Hesabu 21. Israeli wamenung'unika, nyoka za moto zinawauma, watu wanakufa. Mungu anamwagiza Musa atengeneze nyoka ya shaba, aiweke juu ya mti. Kila aliyeumwa akiitazama ataishi. Hakuna anayeulizwa alijisikiaje alipotazama. Huenda mmoja alitazama akitetemeka, mwingine ameshikwa na homa hata haoni vizuri, mwingine ameinuliwa kichwa na ndugu yake. Waliotazama wakaishi, maana uhai haukutoka kwenye macho yao. Na katika Yohana 3 Bwana wetu anaichukua habari hiyo na kusema kwamba hivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa.

Wahubiri wengi wanaishia hapo. Mimi nawaomba mwende mpaka 2 Wafalme 18, mstari wa 4. Miaka mamia imepita. Mfalme Hezekia ameingia madarakani, anasafisha nchi kwa kuondoa sanamu, na kati ya vitu anavyovunja imo ile nyoka ya shaba, ile ile ya Musa, kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Jamani! Kitu hiki hakikuletwa na Baali, mungu wa uongo. Mungu mwenyewe aliagiza kitengenezwe, na mababu zao waliponywa kweli. Ulikuwa ushuhuda halali kabisa, ukageuka sanamu. Wala Hezekia hakusema kitunzwe kwa heshima ya Musa. Alikivunja vipande vipande. Mungu aliyeponya jangwani yupo pale pale Yerusalemu, hekalu lake limesimama, na watu wanapeleka uvumba kwenye kipande cha shaba! Ninyi mliojenga huduma nzima juu ya jambo lililowapata mwaka fulani, mstari huo usomeni mkiwa mmepiga magoti.

Najua kuna atakayesema, "Mbona Paulo alisimulia habari za Dameski, Yesu alivyomtokea njiani?" Alisimulia, katika Matendo 22 na 26, alipokuwa akijitetea. Lakini anapowakumbusha Wakorintho Injili aliyowahubiri, 1 Wakorintho sura ya 15, tazameni mpangilio wake. Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500, kisha Yakobo, kisha mitume wote. Paulo anajiweka mwisho wa watu wote. Dameski iko mkiani mwa foleni.

Mwingine atasema ninamzimisha Roho. Soma Yohana 16:14: "Yeye atanitukuza mimi." Roho akishuka kweli, anayetukuzwa ni Yesu.

Ndugu wa Kanisa la Moravian, waliopokea misheni ya Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898, historia yao inatufundisha hapa. Septemba 1741 viongozi wao walikutana London. Leonhard Dober, Mzee Mkuu, alitaka kuachia kazi, na hawakuona mtu wa kuubeba mzigo ule. Wakakubaliana nafasi hiyo iwe ya Kristo mwenyewe, na tarehe 13 Novemba makanisa yakatangaziwa. Hata hivyo, miaka hiyo hiyo, kule Herrnhaag, Ujerumani, ndugu zao walizama katika hisia juu ya majeraha ya Yesu mpaka kiongozi wao Zinzendorf akawaandikia barua ya kuwakemea, mwaka 1749. Majeraha ya Yesu, wapendwa! Hata hayo mtu anaweza kuyageuza yawe habari ya moyo wake mwenyewe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka tusome Zaburi 88, sala inayoishia gizani na bado imo katika Biblia. Nilitaka pia tuziangalie nyimbo za kwaya zetu. Haitawezekana leo.

Nina ombi moja kwa wazee wa zamu. Jumatano hii, kabla hamjamkabidhi mtu kipaza sauti, someni kwanza 1 Wakorintho 15:3-4. Kisha ndugu aeleze alivyotendewa. Na asiye na ndoto wala uponyaji aitwe pia, aseme Kristo alikufa kwa ajili yake, na vigelegele vipigwe vile vile.