Barua Pepe Uliyoifuta Kazini Bado Ipo?

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Hamisi, mtu anafuta barua pepe ya kazini, anamwaga na folda ya vilivyofutwa, anaamini imekwisha.

HAMISI: Haijaisha, dada. Katika Exchange Online, huduma ya Microsoft ya barua pepe za ofisi, inaingia kwenye folda iliyofichwa, na kwa kawaida hukaa humo siku 14. Msimamizi wa mfumo anaweza kuziongeza hadi 30. Na hapo hatujagusa sera ya uhifadhi.

ZUHURA: Haya, tuiguse.

HAMISI: Sera inaweza kuagiza barua zitunzwe kwa muda fulani, au zifutwe muda ukipita, au vyote viwili: tunza miaka 7, kisha futa. Wengi husikia neno uhifadhi wakadhani ni kutunza tu.

ZUHURA: Sera mbili zikigongana je? Moja inasema futa baada ya miaka 3, nyingine tunza 7.

HAMISI: Kutunza kunashinda. Mwenye kisanduku ataona barua imetoweka mwaka wa 3, lakini nakala inabaki kule kwenye folda iliyofichwa hadi mwaka wa 7. Yeye haioni, mwenye idhini ya kupekua anaipata.

ZUHURA: Hilo wafanyakazi wanapaswa kuambiwa waziwazi.

HAMISI: Kabisa! Na kuna lingine linaloniumiza zaidi. Umri wa barua huhesabiwa tangu ilipopokelewa au kutumwa, si tangu sera ilipowashwa. Ukiwasha leo sera ya kufuta baada ya miaka 3, za mwaka wa 4, wa 5, wa 10 zote zimeshapitwa na muda. Mfumo hupitia visanduku taratibu, unaweza kuchukua hadi siku 7, basi watu wanaanza kupoteza barua kwa zamu bila kujua kwa nini. Tangazeni kwanza, jamani.

ZUHURA: Si bora kutunza kila kitu milele?

HAMISI: Hapana. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, inayotumika tangu 2018, inakataza kuweka taarifa za watu kupita haja yake. Upande wa pili, Marekani inawataka madalali wa hisa watunze mawasiliano ya biashara yao angalau miaka 3. Kila ofisi ianze na sheria inayoihusu.

ZUHURA: Na kesi ikifunguliwa?

HAMISI: Linawekwa zuio la kisheria. Ufutaji unasimama kwa wahusika, sera iseme itakavyo. Google Vault, zana ya Google ya kutunza na kupekua barua za ofisi, nayo inafuata kanuni hiyohiyo.

ZUHURA: Kesi ikiisha zuio linajiondoa?

HAMISI: Zuio lisilo na ukomo halijiondoi, lazima msimamizi aliondoe. Na akiliondoa, Exchange Online inasubiri siku 30 zaidi kabla ya kufuta kabisa, kusudi apate nafasi ya kuokoa kilichokuwa bado kinahitajika.