Mandazi Kabla ya Vidonge: Mhadhara Kuhusu Umaskini na Afya, Walukuba, Jinja

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, wahudumu wa afya wa vijiji mlioacha shughuli zenu, na nyinyi wanafunzi mliojazana nyuma kana kwamba mimi nauma: hamjambo. Wenyeji wetu Wasoga, kodheyo. Nimeombwa nizungumzie umaskini duniani na jinsi unavyoharibu afya katika nchi kama yetu Uganda. Dunia ni kubwa na saa niliyopewa ni moja, kwa hiyo nitaanzia hapa chini Masese, majini mwa Ziwa Victoria, halafu tutapanda.

Nina neno moja la kubishana nanyi. Tukimwona maskini anaugua ugonjwa uleule kila mara, tunasema hajui, apelekewe elimu. Warsha inaitishwa, fulana zinagawiwa, mabango yanabandikwa. Mimi nimekuwa muuguzi kandokando ya ziwa hili mpaka nikastaafu, na siuamini sana ujinga huo. Watu wanajua. Kinachowashinda ni hesabu ya shilingi, na hesabu hiyo wanaipiga vizuri kutuzidi sisi tunaowahubiria.

Chukueni kichocho. Hiki chetu cha Ziwa Victoria ni cha tumbo. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono, vinaongezeka humo, kisha vinatoka kumtafuta mtu. Vinapenya ngozi kwa muda wa dakika chache, hata kama huna mchubuko wowote. Minyoo yake hukaa miaka mingi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yanayokwama katika ini ndiyo yenye balaa. Tumbo linajaa maji, na siku moja mtu mzima mwenye nguvu zake anatapika damu. Wa Masese hamhitaji picha.

Mpango wa kitaifa wa kudhibiti kichocho ulianza mwaka 2003, mapema kuliko katika nchi nyingi za Afrika. Dawa yake, prazikwanteli, ni nzuri. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini haimzuii mnyoo mwingine kuingia kesho. Mvuvi anameza vidonge asubuhi, usiku yumo majini anasukuma mtumbwi, na mkewe anafua palepale. Utamwambia asiingie ziwani? Ndilo shamba lake. Utamwambia achimbe choo? Sehemu nyingi za ufuoni maji hayako mbali chini ya ardhi, shimo linajaa au linabomoka. Choo cha kudumu kinataka matofali na saruji, na mpangaji wa chumba kimoja hamjengei mwenye nyumba choo. Ndiyo maana miaka inapita, vidonge vinagawiwa, na ugonjwa bado tunao.

Sasa sikilizeni habari ya mandazi. Hapa hapa wilaya ya Jinja watoto wa shule walikuwa wakikwepa vidonge hivyo. Maneno yakawa mengi: wazazi wakaidi, uvumi, imani potofu. Watafiti wakachukua shule 12 za msingi. Elimu ya kichocho ilitolewa katika shule zote. Tofauti ilikuwa kwamba katika baadhi ya shule hizo watoto walipewa mandazi na juisi ya embe kabla ya kumeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: penye mandazi, watoto takriban 94 katika kila 100 walimeza dawa, pasipo mandazi, takriban 79. Prazikwanteli ukiimeza na tumbo tupu inakuzungusha: kichefuchefu, kizunguzungu, tumbo kukata. Mtoto aliyetoka nyumbani bila hata uji analijua hilo, maana alimwona mwenzake akitapika mwaka uliopita. Walioitwa wakaidi walikuwa na njaa.

Nalipenda jaribio hilo kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, zikiwemo zangu. Tumelelewa na msemo kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Ni kweli, lakini kinga inanunuliwa. Sabuni inanunuliwa, viatu vya mpira vinanunuliwa, kuni za kuchemshia maji zinanunuliwa, na hizo kuni zenyewe zinamjaza mama na mtoto moshi kifuani.

Tupande kidogo, twende hospitali.

Mwezi Machi 2001, wakati wa uchaguzi, serikali ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma. Waliokuwepo mnakumbuka, watu walifurika. Maskini ndio waliofaidika zaidi kwa kuhudhuria, na hilo silipingi hata kidogo. Lakini watafiti walipolinganisha matumizi ya kaya kabla na baada, walikuta kwamba kwa kaya maskini mzigo wa gharama kubwa za ugonjwa haukupungua. Kwa nini? Kwa sababu dawa ziliisha rafuni, na mgonjwa akaandikiwa karatasi aende kununua nje.

Tupige hesabu ya mama mjamzito wa kijijini, uchungu umeanza saa nane za usiku. Bodaboda ya usiku si bei ya mchana. Anatakiwa aje na kifurushi cha kujifungulia: glavu, pamba, wembe, karatasi ya plastiki ya kulalia. Anahitaji mtu wa kumwuguza, na huyo mtu atakula, atalala kwenye mkeka chini ya kitanda, na siku hizo hatalima wala hatauza kitu. Akipewa rufaa kutoka kituo cha daraja la tatu kwenda cha nne, au hospitali ya wilaya, gari la wagonjwa pengine lina dereva na halina mafuta. Hapo musawo, yaani daktari, bado hajamgusa, na mumewe ameshauza kuku, anamtazama mbuzi. Wataalamu wa uzazi huhesabu ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Tunapenda kumlaumu mume kwa ule wa kwanza. Ninavyoona mimi, mara nyingi anachelewa kuamua kwa sababu anaijua bei ya ule wa pili na wa tatu.

Wapo waliolipeleka jambo hili mahakamani. Mwaka 2011 wanaharakati waliishtaki serikali kuhusu vifo vya akina mama wawili waliofariki wakati wa kujifungua, mmoja Mityana na mwingine Arua. Kesi ilitupwa kwanza kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya siasa. Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2015. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kunavunja haki ya uhai. Miaka tisa! Hata hivyo ni hukumu ya kusomwa, na vijana wa sheria mliomo humu muitafute.

Sikuja kulia tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulihesabu vifo 336 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na ule wa 2022 ukahesabu 189. Hayo ni mafanikio makubwa, na wakunga wetu wanastahili makofi. Pigeni tu, saa inaruhusu.

Nije kwenye chakula, maana hapa ndipo wengi hukosea. Ukiniuliza watoto waliodumaa wako wapi Uganda, utatarajia niseme Karamoja, kwenye ukame. Mwaka 2016 waliodumaa zaidi walikuwa Tooro, kule magharibi: watoto wapatao 41 katika kila 100, Karamoja wakiwa 35. Tooro, penye mvua, migomba na mashamba ya chai! Mtoto anashiba matooke kila siku na bado hakui, kwa kuwa mayai, maziwa na maharage ndiyo yanayokwenda sokoni kutafuta ada ya shule. Kitengo cha Mwanamugimu kule hospitali ya Mulago, Kampala, kimekuwa kikitibu watoto wenye utapiamlo tangu miaka ya sitini, na kinawafundisha mama zao kupika kitobero, chakula cha kuchanganya. Mapishi hayo hayana siri. Ugumu ni kupata vya kutia chunguni.

Malaria naipitia haraka, sote tumeugua. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Mwenye hela kidogo huenda duka la dawa akanunua vinavyolingana na mfuko wake, homa ikishuka anaweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto. Daktari anaita hiyo matumizi mabaya ya dawa. Mama anaita akiba.

Na dunia je? Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walikadiria kwamba mwaka 2021 zaidi ya nusu ya watu wote duniani, watu bilioni 4.5, hawakuwa na huduma kamili za msingi za afya. Vifo vya uzazi vya mwaka 2023 vilikuwa kama 260,000, na zaidi ya 90 katika kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Kwetu mashine pekee ya kutibu saratani kwa mionzi, pale Mulago, iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mwenye uwezo alipanda ndege au basi kwenda Nairobi na kwingineko. Wengine walingoja, na saratani haingoji.

Aprili 2001, kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisi hatujakaribia. Pengo tuliliziba kwa misaada, hasa dawa za virusi vya UKIMWI. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki zilitikisika na wahudumu wakarudishwa nyumbani. Simlaumu aliyetoa akaacha kutoa. Nawauliza waliopanga bajeti yetu kana kwamba hataacha.

Kwa hiyo tufanye nini? Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa, na rais hakuutia saini. Hofu ilikuwa kwamba waajiri na wafanyakazi watabebeshwa mzigo, na hofu hiyo ina msingi. Jirani zetu Rwanda wana bima ya jamii, watu wengi mno wamo ndani yake, na mchango wa walio maskini kabisa hulipwa na serikali pamoja na wafadhili. Bima pekee haitajenga choo Masese, nakubali. Lakini ingemwezesha yule mume aamue saa nane usiku bila kumtazama mbuzi. Mswada ukirudi Bungeni, swali la kumwuliza mbunge wenu liwe moja: asiye na mshahara atalipiwa na nani?

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na Hajati pale dirishani, kisha yule kijana wa bodaboda.