Kwa Nini Nebraska Nzima Hulia kwa Ajili ya Timu ya Chuo

Habari zenu, ndugu watazamaji. Kila ninapoweka video ya umati uliovaa mavazi mekundu hapa Lincoln, jimboni Nebraska, mnaniuliza inakuwaje mtu mwenye wajukuu atokwe na machozi kwa ajili ya timu ya wanafunzi, ilhali kwetu hata aliyesoma Mlimani hajui timu ya chuo chake inacheza lini. Wapo watakaosema najisifu kuishi Marekani, na wapo watakaosema nalalamika. Mimi naeleza ninayoyaona Nebraska, na mkazi wa jimbo jingine anaweza kuwa na maelezo yake.

Jimbo hili lina watu wapatao milioni 2 na halina timu hata moja katika ligi kubwa za kulipwa za kandanda ya Kimarekani, mpira wa kikapu au besiboli. Anayelibeba jina lake ni Chuo Kikuu cha Nebraska, kwa hiyo hata mkulima asiyewahi kuingia darasani pale huwaita Huskers timu yake, kwa kuwa aliirithi kwa baba yake kama watu wa Dar es Salaam wanavyorithi Simba na Yanga. Kuanzia 2017 hadi 2023 timu ya kandanda ya Kimarekani haikumaliza msimu wowote ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, lakini uwanja wa Memorial, ambao tiketi zake zimekuwa zikiisha tangu 1962, uliendelea kujaa. Tarehe 30 Agosti 2023 watu 92,003 walikusanyika humo kutazama voliboli ya wanawake! Mapenzi ya namna hiyo nayaheshimu kwa dhati.

Kinachoniuma ni fedha. Katika vyuo vingi vikubwa, anayetaka kiti kizuri hutakiwa kutoa mchango kwanza, kisha ndipo anunue tiketi. Mdogo wangu ni mwanariadha wa mbio katika timu ya chuo cha jimbo jingine, na mashabiki humshangilia kama mtoto wao. Hata hivyo, ingawa tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, masharti ya kazi ya viza ya F-1, yaani viza ya wanafunzi wa kigeni, yamemzuia kusaini mkataba ambao mwenzake Mmarekani aliusaini bila shida. Tulipoomba ufafanuzi, ofisi moja ilitutuma kwa nyingine, na ile nyingine ikaturudisha tulikotoka. Mwenye kijana anayetafuta ufadhili wa riadha huku aulize mapema habari za viza, asaini baadaye, akijua kwamba hali ya mdogo wangu huenda isiwe yake.