Asilimia ya Nini? Kusoma Gazeti kwa Penseli Mkononi

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, ahsanteni kwa kufika. Naanza na petroli. Waliowahi kunisikiliza wanajua kwamba mimi huanza na petroli, na nitaendelea kuanza nayo mpaka siku nitakapoona imeeleweka.

Juni 2023 lita ya super pale Nairobi ilikuwa shilingi 182.04. Ilipofika Julai 1 ikawa shilingi 195.53. Katikati hapo kilibadilika kitu kimoja tu: VAT ya mafuta, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilitolewa asilimia 8, ilikokuwa tangu 2018, ikapelekwa 16. Sasa wapeni habari hiyo wahariri watatu. Wa kwanza anaandika kwamba VAT ya mafuta imepanda kwa 8. Wa pili anaandika kwamba ushuru wa mafuta umepanda kwa asilimia 100. Wa tatu anaandika kwamba petroli imepanda kwa asilimia 7.4. Yupi mwongo?

Hayupo. Tupige hesabu pamoja, polepole. Bei ya 182.04 ndani yake tayari imo VAT ya asilimia 8. Ukitaka bei kabla ya VAT, unagawa kwa 1.08, unapata 168.56. Wengi hapa huteleza: wanachukua asilimia 8 ya 182.04 na kuitoa, wanapata 167.48, kisha hesabu yote inayofuata inakataa kukaa sawa. Inakataa kwa sababu ile 8 ilitozwa juu ya bei isiyo na ushuru, haikutozwa juu ya bei ya pampu. Basi tunayo 168.56. VAT ya zamani juu yake ni shilingi 13.48. VAT mpya ni 26.97. Imekuwa mara mbili, ndiyo ile asilimia 100 ya mhariri wa pili. Zidisha 168.56 kwa 1.16, unapata 195.53, ileile iliyobandikwa kwenye vituo. Ongezeko ni shilingi 13.49, ligawe kwa bei ya jana, 182.04, unapata asilimia 7.4. Huyo ni mhariri wa tatu. Na yule wa kwanza, 8 yake ni pointi za asilimia, yaani tofauti kati ya 16 na 8. Akiiandika "asilimia 8" bila neno pointi amekosea, na kosa hilo hulioni usipolitafuta.

Tukio moja, namba tatu, na zote zina mahali zilikotoka. Tofauti ni kwamba kila mmoja amelinganisha na kitu kingine. Wa kwanza ametoa kiwango cha jana kwenye cha leo, wa pili amegawa kwa ushuru wa jana, wa tatu kwa bei ya jana. Anayeitetea serikali ataipenda 8, anayeipinga ataipenda 100. Dereva wa matatu anayejaza lita 40 anaihitaji ile ya tatu, maana ndiyo itakayomwambia kwamba tangi lake limeongezeka shilingi 539.60. Kwa hiyo ukikutana na asilimia gazetini, usianze kuuliza kama ni kweli. Uliza: asilimia ya nini? Imelinganishwa na nini, cha lini? Jibu likikosekana katika aya tatu za kwanza, weka duara la penseli na uendelee kusoma ukiwa na deni hilo.

Najua mtu ataniambia yeye si mhasibu. Nendeni Kongowea asubuhi mkamwone mama anayenunua gunia la viazi. Ukimwambia bei imeshuka kwa kumi, atakuuliza: imeshuka kutoka ngapi? Gunia la ukubwa gani? La jana au la wiki iliyopita? Hajasomea takwimu, na hakuna atakayemuuzia kumi isiyo na mwenyewe. Akili hiyohiyo tunaiacha sokoni tukishika gazeti, kwa sababu herufi zimechapwa na juu kuna nembo. Hilo ndilo linalonikera, maana akili tunayo.

Sasa mfumuko wa bei, ambao kila mwezi huleta ugomvi uleule. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, KNBS, lilitangaza kwamba mfumuko wa Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2023 ukawa 6.9. Oktoba 2024 ukawa 2.7. Magazeti yakaandika kwamba mfumuko umeshuka, wasomaji wakawaka: umeshuka wapi na unga hatuufikii? Wengine wakaapa kwamba namba zimepikwa.

Namba hizo ni mwendo, si mahali: kila moja inalinganisha bei za Oktoba na za Oktoba ya mwaka uliotangulia. Matatu iliyotoka Mombasa kwenda Nairobi ikipunguza mwendo pale Mtito Andei haijaanza kurudi Mombasa. Chukua bidhaa za shilingi 1,000 za Oktoba 2021. Ongeza 9.6, zimekuwa 1,096. Juu ya hizo ongeza 6.9, zimekuwa 1,172. Juu ya hizo ongeza 2.7, zimekuwa 1,203. Hakuna mwaka hata mmoja hapo ambao bei zilirudi chini kwa jumla. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Mwandishi anayeandika "mfumuko umeshuka" yuko sawa. Anayeandika "bei zimeshuka" kwa taarifa hiyohiyo amekosea, na maneno hayo mawili nimeyaona yakibadilishana nafasi ndani ya habari moja, kichwa kikisema hivi na aya ya nne ikisema vile. Kumbukeni pia kwamba kichwa mara nyingi hakiandikwi na mwandishi aliyekwenda kwenye tukio. Kinaandikwa na mhariri mezani, jioni, akiwa na nafasi ya maneno matatu au manne. "Kasi ya kupanda kwa bei yapungua" haiingii. "Bei zashuka" inaingia.

Kuna na la kapu. KNBS hupima kapu la wastani wa nchi nzima, na humo chakula na vinywaji visivyo na kileo vina uzito wa takriban 33 kwa 100. Oktoba 2022, wakati jumla ilikuwa 9.6, chakula peke yake kilikuwa kimepanda 15.8. Ukitoa chakula, vitu vingine kwa wastani vilipanda kama 6.6. Sasa nyumba inayotumia shilingi 60 katika kila 100 kwa chakula, na nyumba za namna hiyo mnazijua, mfumuko wake haukuwa 9.6. Zidisha 0.6 kwa 15.8, ongeza 0.4 mara 6.6, unapata karibu 12. Kwa hiyo yule mzee anayesema "kwangu imepanda kuliko wanavyosema" anaweza kuwa amesema kweli, na KNBS nao hawakudanganya. Mwandishi mzuri angeweka namba zote mbili. Asipoziweka, taarifa ya KNBS iko wazi kwa kila mtu, hutoka mwisho wa mwezi, na jedwali la makundi ya bidhaa limo.

Wapo watakaosema: haya yote ya nini, magazeti yana wenyewe, yanaandika wanayoambiwa. Hapa nawaomba mnivumilie. Kujua mwenye gazeti ni jambo la lazima, na kujua nani analipa matangazo ni la lazima zaidi. Lakini ukishajua, bado hujajua sentensi ipi katika habari hii ina kasoro. Anayesema "yote ni uongo" hajasoma zaidi ya anayesema "yote ni kweli". Wote wawili wamekwepa kazi ileile. Gazeti la mwenyewe huyohuyo, siku hiyohiyo, litakuwa na ukurasa mmoja uliofanyiwa kazi ya jasho na ukurasa mwingine ulionakiliwa kutoka taarifa ya afisi fulani, mpaka na makosa yake ya kuandika.

Tuingie kwenye vitenzi, maana hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Pigieni mstari kila kitenzi cha kusema. "Alisema" hakina upande. "Alidai" kinakupa shaka juu ya msemaji. "Alifichua" kinakubali kwamba alichosema ni kweli na kilikuwa kimefichwa. "Alikiri" kinamtia hatiani kabla ya hakimu. Somo la dakika tano: futa vitenzi vyote hivyo, weka "alisema" kila mahali, usome tena. Ukiona habari imebadilika sura, jua kwamba ile sura ya kwanza ilitoka kwa mwandishi, haikutoka kwenye tukio.

Halafu kauli ya kutendwa. "Waandamanaji wauawa" inakuonyesha aliyekufa na kumficha aliyeua. "Wapoteza maisha" ni mbaya zaidi, kana kwamba maisha ni kitambaa kilichodondoka njiani. Pengine mwandishi hajui aliyefyatua risasi, na akiwa hajui ni haki yake kutumia kutendwa. Ila akiwa anajua, na aya ya saba inataja polisi waziwazi, basi muulizeni kwa nini kichwa hakijui kinachojulikana na aya ya saba.

Na idadi ya waliokufa: ni namba kama zile nyingine, na ndiyo inayotaka heshima zaidi. Katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, Rais William Ruto alitaja vifo 19 kwenye mahojiano ya Juni 30. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ikataja 39. Msomaji anachagua anayempenda na kubishana. Badala yake uliza: nani kahesabu? Kahesabu kuanzia tarehe gani? Ni Nairobi pekee au kaunti zote? Kaenda mochari au kapokea ripoti? Tume ilieleza kwamba ilihesabu kuanzia Juni 18. Gazeti linaloweka namba mbili bila kueleza hayo limekupa ugomvi, habari halijakupa.

Naona mwenyekiti ameinua saa, kwa hiyo la uchaguzi nalipitia haraka. Agosti 2022 tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kura, za vituo zaidi ya 46,000. Vyombo vya habari vikajumlisha vyenyewe, na jumla zikatofautiana. Watu wakaona wizi. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba kila chumba cha habari kiliingiza fomu kwa mpangilio wake: ukianza na Bonde la Ufa, Ruto yuko mbele; ukianza na Nyanza, Raila yuko mbele. Jumla ya nusu ya kura bado si matokeo. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa 50.49 kwa 48.85, kwa hiyo mpangilio wowote ungeweza kumweka yeyote juu kwa saa kadhaa. Ilitosha kuandika kando ya kila jumla: fomu ngapi kati ya ngapi, na za wapi.

Kura za maoni, picha za zamani zinazorudi na tarehe mpya, "duru za kuaminika" zisizo na jina: hayo yote nilikuwa nayo hapa, hayatawezekana leo.

Kwenye ile meza ya kando kuna magazeti ya wiki hii, na penseli kwenye mkebe. Kila watu wawili wachukue gazeti moja. Ukurasa wa mbele peke yake. Duara kwa kila namba, na pembeni yake andikeni maneno matatu: ya nini, ya lini, kati ya ngapi. Mstari kwa kila kitenzi cha kusema. Jibu lisipopatikana acheni pembeni patupu, msijaze kwa kubahatisha. Baada ya dakika ishirini tutahesabu patupu ngapi kila gazeti limeacha, tukianza na nyinyi wa mlangoni.