Nimelipaki Cullinan mara nyingi, acha niwaambie bei yake na sura yake

Wadau mambo vipi huko nyumbani, hapa Dubai ni saa nne usiku na joto bado linakupiga kama umesimama mbele ya tanuri la mikate, nimetoka shifti sasa hivi nimekaa kwenye ngazi za nyuma, kwa hiyo huo mngurumo mnaousikia ni AC za jengo, mnivumilie tu.

Video ya leo kaisababisha shemeji yangu wa Mbagala. Juzi kanitumia voisi, anaulizia taa ya nyuma ya Toyota IST yake, bodaboda kaigonga, sawa, halafu katikati ya voisi hiyohiyo akachomekea, "eti shem, lile shangingi la Rolls-Royce, Cullinan, huko bei inaendaje?" Yaani taa ya IST na Cullinan kwenye voisi moja. Nimecheka mpaka jamaa ninaolala nao chumba kimoja wakaamka. Lakini swali lenyewe si baya, na mnajua kazi yangu hapa ni kupaki magari ya wageni hotelini, kwa hiyo haya magari nayajua kwa mita mia mia, kutoka mlangoni mpaka basement na kurudi, sijawahi kuvuka hapo.

Tuanze na bei. Cullinan ilipotoka 2018, Marekani ilianzia dola 325,000, piga hesabu ya haraka ni kama milioni 800 za kwetu, na hilo ni gari uchi. Uchi kabisa. Hakuna mtu anayelinunua hivyo. Mteja anakaa na watu wa kampuni anaanza kuchagua, rangi yangu niitengenezee mwenyewe, ngozi ya siti iwe hivi, uzi wa kushonea uwe vile, dari iwekwe nyota, zile nyota ni nyuzi za mwanga zinapitishwa kwenye vitobo vya ngozi kwa mkono kimoja kimoja, na kila ukisema "nataka" kalkuleta inacheka. Bei ya haya magari haiko kwenye chuma jamani, iko kwenye mdomo wa mnunuzi. Mnataka mfano? Bentley Bentayga ilipotoka 2015 walikuwa na opsheni ya saa ya dashibodi, ya Breitling, ya makanika yenyewe, gari ndilo linaizungusha ijitie ufunguo, na bei ya hiyo saa ilikuwa inakimbizana na bei ya gari zima. Saa! Na simu unayo mfukoni inakuonyesha muda bure.

Halafu hiyo Bentayga ukiivua nguo, mifupa yake ni ileile ya Audi Q7, ya Volkswagen Touareg, ya Porsche Cayenne na ya Lamborghini Urus, wote baba yao mmoja ni Volkswagen. Sisemi ni gari moja, hapana, injini, ngozi na ukimya wa ndani ni vitu vingine kabisa, ila ukiona mtu wa Urus anamdharau mtu wa Touareg ujue anamdharau ndugu yake wa tumbo moja. Cullinan angalau ina mifupa ya kwao, ileile ya Phantom, na injini ya V12, silinda kumi na mbili, lita 6.75, ambayo ukiiwasha unabaki unaangalia dashibodi kujua kama imewaka kweli.

Sasa sura, na hapa najua mtanitukana.

Cullinan kwa mbele usiku, taa zimewaka, ile sho ya mbele imesimama kama geti la ikulu, nakubali, unasogea mwenyewe pembeni bila kuambiwa. Ila zunguka ubavuni. Ni kabati la nguo lililowekewa matairi. Shida ni kwamba hizi kampuni sura zao zilichorwa kwa magari ya chini, marefu, halafu wakaambiwa tengenezeni shangingi, wakachukua sura ileile wakaivuta juu, kama ile picha ya pasipoti unayoivuta kwa vidole kwenye simu mpaka kidevu kinafika kifuani. Bentley wao mwaka 2012 walipeleka shangingi la majaribio kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, likachekwa mpaka wakarudi kulichora upya, na mi nikiangalia yale macho ya duara naona bado kicheko hakijaisha. Linalonikosha ni Ferrari Purosangue, la 2022, kwa sababu wao waligoma hata kuliita SUV, wakalibakiza chini chini, milango ya nyuma inafungukia nyuma, nalo Italia lilianzia euro 390,000, kwa hiyo msifikiri nawaletea ya bei poa.

Ila niwe mkweli, kuna watu walifikiria. Cullinan ukifungua loki inajishusha kidogo ili upande vizuri, na mlango wake umeshuka mpaka chini ukafunika kizingiti, kwa hiyo mzee wa kanzu nyeupe akishuka kanzu haigusi vumbi. Hapa Dubai hiyo ni akili kubwa kuliko nyota zote za darini. Mwamvuli umo ndani ya mlango, ingawa ile mvua ya Aprili 2024 iliyotugeuza samaki mwamvuli ungekuwa wa kufanyia nini sijui. Mlango wa nyuma unajifunga kwa kitufe, na mi siku ya kwanza nilikuwa sijui nikausukuma kwa nguvu kama wa daladala, mlango ukagoma, nikasukuma, ukagoma, mpaka dereva mmoja wa Kihindi akanivuta shati, "brother, brother, leave it".

Na kwa nini wanayatengeneza wakati wenye mapenzi na hizo nembo wanalia? Angalia Lamborghini tu, 2017 waliuza magari 3,815 dunia nzima, Urus ikaja, 2019 wakafika 8,205. Hapo nani atasikiliza maoni ya mpaki magari.

Kitu ambacho watu wa nyumbani hamtaamini, wenyeji wengi hapa, wenye hela zao za zamani, wanaletwa mlangoni na Patrol au Land Cruiser. Nyeupe, ina vumbi la jangwani, ananirushia ufunguo anaingia zake. Shangingi lilelile la wakubwa wetu, na hilo Land Cruiser la sasa, la tangu 2021, injini yake ni V6, lakini najua huko bado mtaliita V8 mpaka Yesu arudi.

Haya, shem, Cullinan nimekujibu. Taa nimeiona Sharjah kwa jamaa wa spea za used, nzima, haina mkwaruzo, ila kwenye voisi hukusema ni ya kulia au ya kushoto, na yule jamaa ananishikia mpaka kesho mchana tu, nijibu leo usiku.