Shelisheli la Hackney: Jibu kwa Mnaouliza Kama Tunathaminiwa Uingereza

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja, Pemba na bara. Tangu niliporusha ile picha nikiwa nimeegemea sanamu ya shelisheli kubwa kuliko sufuria ya harusi, swali linaloletwa ni lilelile: je, weusi wameanza kuthaminiwa huko hadi wanachongewa sanamu? Najua nikisema ndiyo nitaambiwa naringa, na nikisema hapana nitaambiwa nirudi nyumbani kama kumenishinda. Kwa hiyo nitaeleza nilichokiona, na kila mtu apime mwenyewe.

Shelisheli lile liko Hackney, mashariki mwa London, katika njia ya waendao kwa miguu iitwayo Narrow Way, na pembeni yake kuna topetope na stafeli. Yote matatu ni kazi ya marumaru na shaba ya Veronica Ryan, msanii aliyezaliwa kisiwa cha Montserrat huko Karibi na kukulia Uingereza, na yalizinduliwa Oktoba 2021 kwa heshima ya kizazi cha Windrush, yaani watu wa Karibi walioanza kuja kwa wingi baada ya meli ya jina hilo kutia nanga bandari ya Tilbury, karibu na London, mwezi Juni 1948. Mwaka uliofuata Ryan alishinda Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza. Utotoni alikuwa akipelekwa soko la Ridley Road, ambako hata mimi hununua shelisheli, moja tu, kwa pesa ambazo nyumbani zingenijazia pakacha.

Heshima ile, basi, si yetu sisi wa Afrika Mashariki, na sitajifanya kuwa ni yetu. Hata hivyo, mtu wa pwani hawezi kuyapita matunda yale kama mgeni. Shelisheli lilifikishwa Karibi mwaka 1793 kutoka Tahiti ili liwe chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa, ilhali stafeli na topetope tunazoziita zetu asili yake ni Amerika. Sijasikia yeyote akiudai mstafeli wa Unguja kibali cha ukaazi.

Suala la vibali ndilo linalonifanya nisite kujibu ndiyo. Mwaka 2018 ilidhihirika kwamba watu wa kizazi hichohicho, walioingia kihalali wakiwa watoto, walikuwa wakifukuzwa kazi, wakinyimwa matibabu na hata kurudishwa walikozaliwa kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuthibitisha haki yao, wakati kadi zao za kuingilia nchini serikali yenyewe ilikwisha kuziharibu mwaka 2010. Mpango wa fidia ulianza 2019, na wapo waliofariki wakiwa bado wanasubiri.

Mimi yangu ni madogo, lakini yananiuma. Ukiacha ada ya viza, mtu mzima hulipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka anaoombea, na hulipa kwa mkupuo kabla hajajibiwa. Mara ya mwisho wakala mmoja alichukua pesa zangu akaliandika jina langu Hamis badala ya Khamis, na kwa herufi hiyo moja nikakaa miezi minne bila pasipoti. Katika miezi hiyo bibi yangu akafariki, yeye aliyekuwa akitupikia shelisheli la nazi kila Ramadhani, nami sikuweza kwenda kumzika. Picha mliyoiona ya majivuno niliipiga siku ya arobaini yake. Nilikuwa nimekaa pale tangu alasiri, mkono juu ya tunda, na lilikuwa la baridi.

Haya ni yangu peke yangu, wala simshauri mtu aje au asije kwa sababu ya haya. Mwenzangu ninayeishi naye hupita Narrow Way kila asubuhi akienda kazini, na nilipomwuliza kuhusu matunda yale alidhani ni mawe ya kuzuia magari.