Fizi Zikitoka Damu, Usiuweke Mswaki Chini

Asanteni. Nimepewa karatasi yenye mada sita, kuanzia meno ya watoto hadi harufu ya kinywa. Anayenifahamu anajua sitazimaliza, kwa hiyo naanza na ile inayoniwasha.

Nikikuta fizi nyekundu, zimevimba, nikizigusa kidogo tu damu inachuruzika, huwa nauliza: hapa unapiga mswaki? Jibu ni lile lile miaka yote. "Hapo napaacha daktari, maana panatoka damu." Hapo subira inaniishia. Umepaacha kwa sababu panatoka damu, na panatoka damu kwa sababu umepaacha! Ukiwa na kidonda kichafu mguuni, utaacha kukiosha kwa kuwa kinauma?

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmaki, walichapisha utafiti ambao sichoki kuusimulia. Walichukua watu 12 wenye fizi nzuri, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, yaani watu wanaojua wanachokifanya, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Wote 12 fizi ziliwavimba. Wa kwanza kwa siku 10 hivi, wa mwisho siku 21. Kisha wakaruhusiwa kusafisha tena, na ndani ya wiki moja hivi fizi zikatulia. Kilichowaponya hakikutoka kwenye sindano wala kidonge. Walirudia mswaki, wakasafisha na katikati ya meno, basi.

Kinacholeta uvimbe huo ni ukoga. Jioni pitisha ukucha pale jino linapokutana na ufizi, utatoka na kitu cheupe kinachonata. Msidhani ni mabaki ya chakula. Ni bakteria hai, wamejijengea makazi. Mwili unapeleka damu kupambana nao, ndiyo maana ufizi unavimba na kutoka damu kwa kuguswa tu. Ukiutoa ukoga, ugomvi umekwisha. Ukiuacha siku chache unashika madini ya mate na kugeuka ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka mkono ufe ganzi. Lazima ukwanguliwe kliniki. Ukizidi kuuacha, kwa wengi ugonjwa unateremka hadi kwenye mfupa unaolishika jino. Mfupa huo ukishaliwa haujirudishi. Unaona mtu anapoteza jino lisilo na tundu hata moja, limelegea tu, na muda wote huo halikumuuma. Halafu ananiambia, "Mimi sijawahi kuwa na tatizo la meno!"

Namwona mtu pale nyuma anatabasamu. Najua anachotaka kusema: babu yangu hakuujua mswaki na alizikwa na meno yake yote. Huyo babu ana wajukuu wengi sana, maana kila ninapozungumza nakutana na mmoja wao. Mbona hamnisimulii ndugu zake babu waliokufa vibogoyo? Na babu alikuwa akitafuna kitu kitamu mara ngapi kwa siku? Tuendelee.

Mwingine atasema: mimi navuta sigara na fizi zangu hazijawahi kutoa tone. Ndugu yangu, hiyo si sifa. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo ufizi unaonekana shwari huku mfupa unaliwa chini kwa chini. Wewe ndiye ninayetaka kukuona mapema kuliko wote.

Sasa, namna ya kusafisha. Mswaki uwe wa nywele laini. Uinamishe, nywele nusu ziguse ufizi na nusu ziguse jino, kisha usogeze kidogo kidogo, taratibu, kwa dakika mbili. Wengi husugua kwa nguvu yale meno ya mbele yanayoonekana kwenye kioo, mpaka fizi zinarudi nyuma, na upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapogusa, wamejaza ugaga. Mate hutoka karibu na hapo, ndiyo maana ugaga hupapenda. Katikati ya meno pitisha uzi au vile vibrashi vidogo. Siku za kwanza damu itatoka. Itoke, wewe endelea. Wiki mbili zikipita na bado inatoka, nenda ukaonwe: huenda kuna ugaga chini ya ufizi, au kisukari ambacho hujakijua.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka. Sukari: hesabu umekula mara ngapi kabla ya kuuliza umekula kiasi gani. Kila ukionja, bakteria hutengeneza asidi na enameli, lile gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Mate huhitaji kama nusu saa hadi saa nzima kuirekebisha hali hiyo. Anayekunywa kinywaji kitamu funda moja moja tangu asubuhi hayapi mate nafasi. Dawa ya meno iwe na floraidi, na ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji. Mswaki wa usiku usiukose, kwa kuwa ukilala mate hupungua. Harufu ya kinywa naiacha. Nusu ya jibu mmeshaisikia, nusu iko kwenye ulimi, usafisheni.

Wenye watoto wa miaka sita, wafungueni midomo leo. Nyuma kabisa ya meno ya utotoni huota gego ambalo halikusubiri jino lolote ling'oke, basi mzazi hudhani nalo ni la utotoni, likioza si kitu. Ni la kudumu! Juu lina mifereji yenye kina, na mkono wa mtoto haufiki huko vizuri, kwa hiyo msaidieni kupiga mswaki mpaka afike miaka saba au minane. Mifereji hiyo inaweza kuzibwa kabla haijaoza, bila sindano wala kuchimba. Mkimpeleka mtoto kliniki, ulizeni kuhusu hilo. Haya, maswali.